Mti wa Alnasi: Mgeni Anayelisha Udongo

Wengi wetu tuliozaliwa pwani huijua miti kwa matunda yake au kwa kivuli chake. Mnazi twaujua kwa nazi, mwembe kwa maembe, mkungu kwa kivuli cha kupumzikia. Mti usiokuwa na tunda la kuliwa wala ua la kunukia twauona kama kuni zinazongoja shoka. Sisi wenyewe tulikuwa na mawazo hayo mpaka tulipopata safari ya kwenda Kabale, katika milima ya Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda, kumzuru mkwe wetu. Huko tulionyeshwa mti usiozaa kitu cha kutia kinywani, na juu ya hayo mwenye shamba hakubali utajwe kwa ubaya mbele yake. Mti huo ni alnasi. Tuliporudi tulifanya bidii ya kuuliza na kusoma habari zake, na leo twapenda kuwaeleza wasomaji yale tuliyoyapata, kwa kuwa yanawahusu wote wenye mashamba ya milimani, na hata asiye na shamba atapata jambo la kuzingatia.

Ngazi Yenye Njaa

Mji wa Kabale uko kiasi cha futi 6,500 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ni baridi, ukungu hujaa mabondeni, na mtu wa pwani hujuta kwa nini hakuchukua blanketi la pili. Milima imelimwa toka chini hata karibu na vilele, nayo imekatwa ngazi ngazi, moja juu ya mwenziwe, ili maji ya mvua yasiteremke kwa nguvu na kuuchukua udongo. Kazi ya kuzitengeneza ngazi hizo ilitiliwa mkazo sana katika miaka ya 1940 na 1950, wakati wa utawala wa Waingereza, nazo zipo mpaka leo.

Mkwe wetu alitupeleka shambani baada ya sala ya alasiri. Alisimama juu ya ngazi moja, akatwambia, "Mwalimu, tazama viazi hivi. Upande wa chini vimenenepa. Upande wa juu havifiki ukubwa wa yai la kuku. Mbegu ni moja, siku ya kupanda ni moja, na mvua ni moja."

Tukamwuliza, "Basi sababu ni nini, mzee wetu?"

Akajibu, "Sababu ni jembe letu wenyewe."

Ndipo alipotufahamisha jambo ambalo kila mkulima wa mlimani hulijua, lakini sisi hatukulijua. Mtu alimaye mahali penye mteremko huvuta udongo kuuelekeza kwake, yaani chini. Kila msimu udongo mzuri wa juu husogea hatua moja. Baada ya miaka arobaini au hamsini, rutuba yote ya ngazi huwa imelundikana kwenye ukingo wa chini, na upande wa juu hubaki udongo mkavu, mwekundu, wenye changarawe, ambao hauna nguvu ya kukuza kitu. Kwa hiyo ngazi iliyojengwa ili kuuhifadhi udongo usiende bondeni, imekuwa na shibe upande mmoja na njaa upande wa pili.

Na njaa ya udongo ndiyo njaa ya nyumba. Shamba la mlimani halina mahali pa kutanukia. Baba akifa, wana hugawana ngazi, na wajukuu hugawana vipande vya ngazi. Ikiwa nusu ya kila kipande haitoi mazao, familia hula nusu ya ilichostahili kula. Mbolea ya dukani ipo, lakini bei yake haipatani na mfuko wa kila mtu.

Mkwe wetu alitupeleka tena kwenye ngazi nyingine, iliyokuwa juu ya ile ya kwanza. Upande wake wa juu palisimama safu ya miti iliyonyoka, yenye magome ya kijivu na majani ya kijani kibichi, na chini yake palikuwa na zulia jeusi la majani yaliyooza. Alisema, "Hapa palikuwa pabaya kuliko pale. Ndugu yangu alinicheka niliponyima viazi mahali, nikapanda miti. Alisema mtu mwenye watoto saba hapandi kuni mahali pa chakula. Na kwa kweli, Mwalimu, miaka miwili ya kwanza ilikuwa mizito." Kisha aliinama, akachota udongo kwa mkono, akaufumba na kuufumbua. Udongo ulishikana kama unga wa kukanda. Hatukuhitaji maelezo zaidi.

Asili Yake na Jina Lake

Miti ya jamaa ya alnasi ni mingi. Wataalamu wa mimea huhesabu aina kiasi cha 35. Karibu zote ni wenyeji wa nchi za baridi za kaskazini, yaani Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Katika Afrika yote, alnasi wa asili aonekana kaskazini tu, katika nchi kama Algeria, Tunisia na Morocco. Kusini ya Jangwa la Sahara hapakuwa na hata mmoja.

Huyu wa Kigezi asili yake ni milima ya Amerika. Huota toka Mexico, akashuka nchi za Amerika ya Kati, akafuata safu ya milima ya Andes kupitia Colombia, Ecuador, Peru na Bolivia, hata kaskazini ya Argentina. Ndiye peke yake katika jamaa yake nzima aliyevuka na kuwa mwenyeji wa Amerika ya Kusini. Wasemao Kihispania humwita aliso, na katika nchi ya Costa Rica huitwa jaúl. Jina lake la kitaalamu ni Alnus acuminata. Neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake "wenye ncha iliyochongoka", kwa sababu ya umbo la jani lake.

Anaye ndugu yake afananaye naye mno, aitwaye Alnus jorullensis, mwenyeji wa Mexico, Guatemala na Honduras. Jina hilo limetokana na Jorullo, mlima wa moto wa Mexico uliozuka mwaka 1759 mahali palipokuwa mashamba, na kuendelea kutoa moto kwa miaka 15. Miti yote miwili iliandikwa katika vitabu vya elimu na mtaalamu wa Kijerumani, Kunth, mwaka 1817, kutokana na mimea iliyokusanywa na wasafiri mashuhuri Humboldt na Bonpland. Kwa kuwa ndugu hawa wafanana, watu wamekuwa wakiwachanganya tangu siku hizo. Hata leo katika bustani za nchi nyingi mti huuzwa kwa jina la jorullensis, kumbe ni acuminata. Twalitaja jambo hili ili msomaji atakayenunua mbegu au miche aulize vizuri, maana jina likikosewa, na maelekezo ya upandaji huweza kukosewa pamoja nalo.

Kwa Nini Huitwa Usiopukutika

Alnasi wa Ulaya hupukutisha majani yote wakati wa baridi, akasimama uchi miezi kadhaa kabla ya kuchipua. Hawa wa milima ya Amerika, kwa kuwa wamezaliwa mahali ambapo jua halikawii mbali, hawana haja ya kulala usingizi mrefu namna hiyo. Ndiyo sababu watu wa bustani wakawaita alnasi wasiopukutika.

Walakini yafaa jina hilo lifahamike sawasawa. Haina maana kuwa jani la mti huu halianguki. Huanguka sana, na uzuri wake mwingi umo katika kuanguka huko. Maana yake ni kwamba huanguka kidogo kidogo mwaka mzima, na jipya hushika mahali pa la zamani, hata mti ukaonekana wa kijani siku zote. Kiangazi kikiwa kikali majani hupungua sana. Mvua zikirudi, matawi hujaa tena.

Sura yake ni hii. Shina hunyoka, na mahali pazuri huweza kufikia urefu wa futi 100. Gome ni la kijivu, lenye vidoadoa. Jani lina umbo la yai, limechongoka mwishoni, na kingo zake zina meno madogo kama ya msumeno. Mti mmoja huwa na maua ya kiume na ya kike pamoja. Ya kiume hushuka katika vishada virefu vinavyoning'inia kama mikia. Ya kike ni mafupi. Nyuki hana kazi kubwa hapo, kwa sababu upepo ndio uchukuao vumbi la ua na kulifikisha. Baadaye ua la kike hugeuka kitunda kigumu cheusi, mithili ya tunda la msonobari lililofanywa dogo, na ndani yake mna mbegu bapa zenye mbawa nyembamba. Mbegu zenyewe ni ndogo mno, hata kilo moja yaweza kuwa na zaidi ya milioni moja. Upepo huzipeperusha, na zikianguka mahali palipo wazi zikapata unyevu na mwanga, huota upesi.

Katika nchi yake ya asili, alnasi ni wa mbele kufika mahali palipoharibika. Mlima ukiporomoka, au mto ukibomoa kingo zake, huja yeye kwanza, hukaa, huutengeneza udongo, kisha miti mingine hufuata. Sasa tueleze hiyo nguvu aipatayo wapi.

Kazi Iliyofichika Mizizini

Kila mmea wahitaji naitrojeni ili ufanye majani na mbegu. Ajabu ni kwamba hewa tunayoivuta imejaa naitrojeni. Katika kila sehemu mia za hewa, sehemu 78 ni naitrojeni tupu. Walakini mmea hauwezi kuila ikiwa katika hali hiyo ya hewa. Ni kama mtu aliyesimama katikati ya bahari akiwa na kiu: maji yamemzunguka, na hakuna ya kunywa. Mbolea ya chumvichumvi itokayo viwandani ni naitrojeni ya hewani iliyogeuzwa kwa moto mkali na gharama kubwa ili mmea uweze kuila.

Wapo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao Mwenyezi Mungu amewajaalia uwezo wa kufanya kazi hiyo kimya kimya ndani ya udongo. Wakulima wetu wanajua kuwa mahindi hustawi mahali palipolimwa kunde au maharage msimu uliopita. Sababu ni kwamba mizizi ya kunde ina vinundu, na ndani ya vinundu hivyo wamo bakteria wanaoigeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula.

Alnasi si wa jamaa ya kunde, lakini yeye naye ana vinundu vyake. Ukifukua mizizi yake utaviona vimeshikana kama kichaka kidogo cha marijani, na vyaweza kuishi na kukua miaka kadhaa. Mwaka 1866 mtaalamu wa Kirusi, Woronin, alivitazama vinundu vya alnasi kwa hadubini, akaona kuwa mna kiumbe ndani yake. Kiumbe huyo baadaye aliitwa Frankia. Ni wa kundi jingine la bakteria, si wale wa kunde, naye alikuwa mgumu wa kukamatika. Ilipita zaidi ya miaka mia tangu siku za Woronin, hata mwaka 1978, ndipo wataalamu walipoweza kumtenga na kumkuza peke yake nje ya mzizi.

Mapatano kati ya mti na kiumbe huyo ni mapatano ya haki. Mti humpa sukari unayoifanya majanini kwa mwanga wa jua. Yeye huupa mti naitrojeni aliyoitoa hewani. Hakuna amdhulumuye mwenziwe, na wote wawili huishi mahali ambapo kila mmoja peke yake angetaabika.

Faida hiyo haiishii kwa hao wawili. Miti mingi, kabla ya kuliangusha jani, hunyonya kilicho bora ndani yake na kukiweka akiba, jani likaanguka manjano na tupu. Alnasi hafanyi hivyo sana. Jani lake huanguka likiwa bado na naitrojeni nyingi, likaoza upesi na kuwa mboji. Kwa hiyo kila jani liangukalo ni mfano wa kibaba kidogo cha mbolea kilichowekwa juu ya udongo bila ya kununuliwa. Lile zulia jeusi tulilolikanyaga shambani kwa mkwe wetu ndilo hilo.

Ngazi za Andes na Nyasi za Kikuyu

Tulipokuwa tukisoma habari za mti huu tulistaajabu kuona kuwa ngazi za Kigezi si za kwanza kukutana naye. Katika milima ya Peru, karibu na Cusco, watu wa kale nao walilima kwa ngazi, wakazijenga kwa mawe kwa ustadi mkubwa. Karibu na Ollantaytambo pana mahali paitwapo Marcacocha, palipokuwa na ziwa dogo, na tope lake lilikusanya vumbi la maua lililopeperushwa na upepo mwaka baada ya mwaka. Watafiti walichimba tope hilo, wakahesabu vumbi la maua tabaka kwa tabaka. Waliona kuwa vumbi la alnasi lilizidi sana kiasi cha miaka 900 iliyopita, na likaendelea kuwa jingi katika zama za dola ya Inka, mpaka Wahispania walipofika katika miaka ya 1530. Rai ya watafiti hao ni kwamba watu waliupanda na kuutunza mti huu kwa makusudi, wapate kuni na mbao, na udongo wa milima ukae mahali pake.

Ipo habari nyingine itakayowafurahisha wasomaji wa Afrika ya Mashariki. Katika nyanda za juu za Costa Rica, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hupanda alnasi kwa nafasi katika malisho yao. Miti huyapa malisho naitrojeni na kivuli chepesi, ng'ombe hula nyasi chini yake, na baada ya kiasi cha miaka 20 mti hukatwa kwa mbao. Nyasi zinazopandwa sana chini ya miti hiyo ni zile ziitwazo kikuyu, na asili ya nyasi hizo ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Jina lao limetokana na Wakikuyu wa Kenya. Basi nyasi za kwetu zilivuka bahari zikaenda kumtunzia ng'ombe mtu wa Amerika, na mti wa kwake ukavuka bahari ukaja kututunzia udongo. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa kila upande umekuwa mgeni na mwenyeji.

Matumizi Yake Huku Kwetu

Huku kwetu mti huu umeenea zaidi katika milima ya Rwanda na kusini-magharibi ya Uganda, nao umepandwa vilevile katika nyanda za juu za Burundi, za Kenya na za mashariki ya Kongo. Watafiti wa kilimo cha mazao na miti pamoja, wakiwemo wa kituo cha kimataifa kilichoanzishwa mwaka 1978 chenye makao yake Nairobi, waliujaribu pamoja na wakulima. Katika Kigezi waliupanda kwenye ule upande wa juu wa ngazi ulioishiwa na nguvu, wakauacha miaka michache, kisha wakaukata na kupanda mazao.

Manufaa yake ya kila siku ni mengi. La kwanza ni fito. Katika Rwanda, tangu miaka ya 1980, wakulima wengi wa milimani waliacha maharage mafupi wakashika maharage ya kutambaa, kwa sababu hupanda juu na kuzaa zaidi katika eneo lile lile dogo. Lakini kila shina lahitaji fito ndefu kupita kimo cha mtu, na shamba moja hula fito maelfu. Asiye na miti hununua, au huenda kukata msituni. Alnasi hupogolewa matawi ya pembeni, na matawi hayo ndiyo fito. Mti wenyewe haudhuriki ukipogolewa kwa kiasi, na mazao ya chini hupata mwanga.

La pili ni kuni. Zikikauka huwaka kwa utulivu. Mke wa mkwe wetu alitwambia kuwa zamani binti zake walikuwa wakitoka alfajiri kutafuta kuni, na mara nyingine walichelewa masomo. Sasa hukata nyuma ya nyumba. Kwa mtu afundishaye watoto, jambo hilo peke yake latosha kuupenda mti huu.

La tatu ni mbao. Ni nyepesi, laini, zenye rangi ya manjano iliyochanganyika na wekundu mdogo, na hukubali randa na msumari bila ya taabu. Hufaa kwa masanduku, samani nyepesi, mipini ya mifagio na vijiti vya viberiti. Lakini hazifai kwa nguzo ya kuzikwa ardhini. Udongo ule ule unaoulisha mti ukiwa hai, huozesha mbao zake upesi.

Namna ya Kuupanda

Mtu atakaye kuupanda na afuate mambo haya.

Kwanza, mbegu ziwe mpya. Mbegu za alnasi hazikai na uhai muda mrefu mahali pa joto. Vitunda vichumwe vinapoanza kugeuka rangi ya kahawia, kabla havijafunguka na kupeperusha mbegu. Vianikwe juu ya kitambaa mahali pasipo upepo mpaka viachilie mbegu zenyewe.

Pili, zisifukiwe ndani. Mbegu ndogo kama hii haina nguvu ya kupasua udongo mzito. Zimwagwe juu ya kitalu chenye udongo laini, zifunikwe na mchanga mwembamba tu, na maji yanyunyizwe kwa upole, maana maji yakimwagwa kwa nguvu mbegu zote hukimbilia pembeni. Huota baada ya wiki mbili tatu.

Tatu, na hili ndilo wengi hulisahau, kitalu kitiwe udongo uliochotwa chini ya alnasi mkubwa. Yule kiumbe mdogo wa mizizini hayumo katika udongo wa kila mahali, hasa mahali ambapo mti huu haujapata kuota. Miche ikikosa udongo huo huweza kuwa manjano na kudumaa, na mwenyewe akadhani kuwa mbegu ni mbaya. Mkwe wetu alitwambia kuwa yule ndugu yake aliyemcheka, miaka michache baadaye alipanda kitalu chake kwa siri, na miche ikawa manjano yote. Alipokuja kuomba shauri, alipewa karai moja la udongo wa chini ya mti, na miche ikapata rangi. Mkwe wetu hakumkumbusha maneno ya zamani, nasi twaona alifanya vyema.

Nne, mche ukifikia kimo cha futi moja hivi, uhamishwe shambani mvua zinapoanza. Katika ngazi, mahali pake ni upande wa juu uliochoka. Ulindwe na mbuzi na ng'ombe, na magugu yapaliliwe mpaka ushinde wenyewe. Mti ukikua upogolewe kila mwaka, usije ukatia kiza mazao ya jirani. Twasisitiza neno hilo la jirani, maana ugomvi mwingi wa mipaka huanza kwa kivuli na mizizi. Mizizi ya alnasi hutambaa mbali karibu na uso wa ardhi. Basi usipandwe mpakani bila ya mashauriano.

Mahali Asipofaa

Tungewadanganya wasomaji kama tungesema mti huu unafaa kila mahali. Alnasi ni mtoto wa baridi na ukungu. Kwao Amerika hupatikana zaidi kati ya futi 5,000 na futi 10,000. Wataka mvua nyingi na udongo wenye unyevu. Mtu wa Tanga mjini, wa Mombasa au wa Unguja akiupanda uani kwake atakuwa amepoteza mbegu na maji. Yeye anayo miti yake ilisheyoizoea hali ya nchi yake.

Pia usitegemewe kufanya miujiza. Mti hulisha udongo kwa naitrojeni na mboji, lakini mmea wahitaji vyakula vingine pia, na baadhi yake mti hauvitoi hewani. Samadi bado ina kazi yake, na ngazi bado zahitaji kutengenezwa. Na zaidi ya yote, mwenye kuupanda lazima awe tayari kungoja. Miaka ile ambayo upande wa juu wa ngazi umekaliwa na miti, hautoi viazi. Kwa mtu mwenye ardhi kubwa hilo ni dogo. Kwa mtu mwenye ngazi tatu na watoto saba ni jambo zito, na asilaumiwe akisita. Shauri alilotupa mkwe wetu ni hili: mtu aanze na ngazi moja tu, ile mbaya kuliko zote, ambayo hata akiikosa hataikosa sana. Akiona faida aende ya pili. Yeye mwenyewe, katika miaka miwili ile mizito, alikodi kipande cha jirani ili watoto wasikose chakula.

Tulimwuliza siku tulipoagana kama atakata miti yote ya ile ngazi. Alijibu kuwa nusu ameikata mwaka uliopita, na mahali pake amepanda viazi na maharage ya kutambaa yanayoshikiliwa na fito za miti ile ile. Nusu nyingine ataiacha mpaka mwanawe wa tatu atakapooa, ampe mbao za milango na kipande cha ardhi chenye kuzaa. Alisema baba yake alimwachia ardhi iliyochoka kwa sababu hakujua njia nyingine. Yeye amekwisha ijua, kwa hiyo hana udhuru.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alnasi amekuja kwetu toka mbali, amepewa jembe, naye analima usiku na mchana chini ya ardhi pasipo kuonekana. Walioko kwenye nyanda za juu zenye baridi na mvua na wamwendee bwana shamba wao wamwulize habari zake, na wasisahau lile karai moja la udongo.